Reli zisizolingana upana (na hifadhidata yetu)

Wasomaji wangu, nimenyamaza wiki tatu na baadhi yenu mmeniandikia kuuliza kama nimeacha kuandika. Sijaacha. Nimekuwa nikilala kazini.

Kwa ufupi, mambo yako hivi. Kampuni ninayoiandikia programu ina mawakala mashinani, kila mmoja na simu yenye programu yetu, na kila mteja ana nambari ya tarakimu sita. Aliyeunda mfumo huo mwanzoni (alishaondoka, nasikia ana duka la vipuri) aliona tarakimu sita zinatosha. Sasa zinakaribia kuisha na ni lazima ziwe tisa. Mwaka jana tulijaribu badiliko la aina hiyo, dogo zaidi, usiku wa Jumamosi. Tulidhani saa sita zingetosha. Tulimaliza Jumatatu saa nane mchana, na muda huo wote mawakala walikuwa wakiwarudisha watu nyumbani. Mama mmoja alikuja kutoa pesa za kulipia mtoto hospitalini akaambiwa hana akaunti. Niliisoma ripoti yake mwenyewe, na sijaisahau.

Basi safari hii mkubwa wangu aliponiuliza, "Kwa nini tusibadilishe kila kitu usiku mmoja tu?", nilikosa jibu la haraka. Kesho yake nikaenda Makumbusho ya Reli pale Nairobi kupumzisha kichwa. Ndiyo yaliyonileta kwenye mada ya leo.

Pale makumbushoni kuna injini za mvuke za aina ya Garratt, daraja la 59. Zilitengenezwa 34 miaka ya 1955 na 1956, kila moja ikiwa na uzito wa tani 252 hivi, na hakuna injini za mvuke zilizozishinda kwa ukubwa kwenye reli za mita moja popote duniani. Simama mbele yake kisha utazame chini. Lile dude lote limekaa juu ya vyuma viwili ambavyo nafasi kati yao ni hatua yangu moja. Nilisimama pale muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Nafasi hiyo, kutoka uso wa ndani wa chuma kimoja hadi uso wa ndani wa chuma cha pili, ndiyo upana wa reli, au geji. Reli ya zamani ya Kenya na Uganda ina milimita 1000. TAZARA ina 1067. SGR ina 1435. Treni iliyotengenezewa upana mmoja haiwezi kupita kwenye upana mwingine hata ukiiomba.

Hiyo 1435 ni futi 4 na inchi 8 na nusu, na ilianza kwenye njia za makaa ya mawe kaskazini-mashariki mwa Uingereza, ambako mabehewa yalivutwa na farasi. George Stephenson aliichukua kama alivyoikuta, ikaongezewa nusu inchi ili magurudumu yapate nafasi ya kucheza, na reli ya Liverpool na Manchester ilipofunguliwa 1830 wengine wakaiga. (Ile hadithi ya kwamba upana huu ulitoka moja kwa moja kwenye magari ya vita ya Warumi, mliyotumiwa kwa barua pepe mara kumi, msiiamini sana.) Kwa maneno mengine, mtu mmoja alitumia kipimo kilichokuwa karibu na mkono wake, kazi ikafaulu, na dunia ikabaki nacho. Kama umewahi kuandika programu unajua hali hiyo.

Si kila mtu aliyeiga. Isambard Kingdom Brunel, mhandisi wa Great Western, aliona kipimo cha Stephenson ni cha mikokoteni. Akachagua futi 7 na robo inchi, karibu milimita 2140. Na alikuwa na hoja: kwenye majaribio ya 1845 mbele ya tume ya serikali, injini zake zilikimbia zaidi na kwa utulivu zaidi. Hata hivyo tume ilipendekeza upana wa Stephenson, na sheria ya 1846 ikaufuata, kwa sababu rahisi: wakati huo upana mdogo ulikuwa na kilomita kama 3,000 za njia na ule wa Brunel kama 440. Kilichokuwa bora kiufundi kilishindwa na kilichokwisha kuenea.

Mji ambao upana huo wawili ulikutana mapema ni Gloucester, mwaka 1844. Kila mzigo uliofika kutoka upande mmoja ukienda upande wa pili ulishushwa kwa mikono na kupakiwa tena: matofali, mboga, samani, mifugo. Vitu vilivunjika na vingine vikapotea. Inasimuliwa kwamba wabunge walipokwenda kujionea, msimamizi wa mizigo wa upande mmoja aliagiza treni mbili zilizokwisha kushughulikiwa zishushwe upya, ili vurugu iwe kubwa zaidi. Nilicheka, maana mimi pia nimewahi kumwandalia mkubwa maonyesho ya namna hiyo.

Sasa, kushusha na kupakia upya ndiyo suluhisho la kwanza na la kijinga kuliko yote, na bado ndilo linalotumika zaidi. Mahandisi walitafuta mengine. La pili ni kunyanyua behewa zima, kuondoa kile kigari cha magurudumu kilicho chini yake (mafundi hukiita bogi) na kusukuma kingine chenye upana mwingine. Hivi ndivyo ilivyofanyika kwa miaka mingi huko Brest, mpakani mwa Belarus na Poland, ambako milimita 1520 za Kirusi hukutana na 1435. Abiria hubaki ndani wakati behewa linainuliwa. La tatu ni gurudumu linalojirekebisha lenyewe. Wahispania wa Talgo walilifanikisha mwishoni mwa miaka ya 1960, na kuanzia 1969 treni yao ilitoka Barcelona hadi Geneva bila abiria kuhama. Treni hupita polepole juu ya mtambo maalumu, uzito wa behewa unabebwa na vishikizo vya pembeni, kufuli za magurudumu zinafunguka, magurudumu yanasukumwa hadi upana mpya, kufuli zinajifunga. Ni kitu cha kupendeza ila kina sehemu nyingi za kutunza.

La nne ndilo lililonikaa kichwani: weka chuma cha tatu. Chuma kimoja kinatumiwa na treni zote, kisha kila upana una chuma chake cha upande wa pili. Great Western walitumia njia za namna hiyo kwa miongo mingi. Lakini chuma cha tatu kina sharti ambalo sikulifikiria hadi nilipochukua kalamu na karatasi. Chuma cha reli si mstari, kina kitako, na kitako cha chuma cha kawaida kina milimita zaidi ya 100. Tofauti ya 1435 na 1000 ni 435, kwa hivyo nafasi ipo tele. Tofauti ya 1067 na 1000 ni 67. Vyuma viwili haviwezi kukaa hapo, vingepandana. Kadiri vipimo viwili vinavyokaribiana bila kulingana, ndivyo inavyozidi kuwa vigumu kuviweka pamoja.

Na tofauti hiyo ya milimita 67 iko hapa kwetu Afrika Mashariki. Reli ya Mombasa ilianza kujengwa 1896, ikafika Nairobi 1899 na ziwani Kisumu 1901. Vifaa, injini za mwanzo na wafanyakazi zaidi ya 30,000 vilitoka India, na India ilikuwa na mtandao mkubwa wa reli za mita moja. Wafanyakazi karibu 2,500 walifia kazini. Kwa nini India ilikuwa na mita kamili wakati Waingereza walipima kwa futi? Kwa sababu mwaka 1870 serikali ya huko ilitarajia kwamba India ingehamia vipimo vya metriki karibuni, wakaamua wawahi. Metriki ilichelewa karibu miaka tisini. Upana ukabaki.

Wajerumani upande wa Tanganyika nao walichagua mita moja, kutoka Tanga kuanzia 1893, na baadaye Reli ya Kati iliyofika Kigoma 1914. Hawakukubaliana na Waingereza juu ya jambo hilo. Lakini vita vilipokuja, Waingereza walijenga njia kutoka Voi kupitia Taveta, na 1916 wakaiunganisha na reli ya Wajerumani huko Kahe. Maadui wawili walikuwa wameandika mifumo inayosomana bila kujua.

TAZARA haikuwa na bahati hiyo, wala haikuihitaji. Ilijengwa kati ya 1970 na 1975 kwa msaada wa China, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, ili Zambia isitegemee bandari za makaburu. Reli za Zambia zilikuwa na 1067, kama za Afrika Kusini, kwa hivyo TAZARA ilipaswa kuzifuata. Uamuzi ulikuwa sahihi kabisa kwa Zambia, lakini upande wa Tanzania nchi moja ikawa na reli mbili zilizopishana kwa upana wa vidole vinne. Njia hizo zinafikiana Kidatu, mkoani Morogoro, na kituo cha kuhamisha mizigo kilichofunguliwa hapo 1998 ndicho kilichokuwa jibu. Hakuna chuma cha tatu. Hesabu imekwisha kukataa.

Je, kwa nini wasibadilishe tu upande mmoja? Ni swali la mkubwa wangu, na kuna watu waliolijibu kwa vitendo.

Majimbo ya kusini mwa Marekani yalijenga reli zao kwa futi 5 tangu ile ya South Carolina iliyokamilika 1833. Kaskazini ilikuwa imeelekea kwenye 1435. Mpakani mwao, hasa kando ya mto Ohio, mizigo ilihamishwa au mabehewa yakanyanyuliwa kubadilishwa bogi. Hali hiyo ilidumu miaka mingi, na si kwamba hakuna aliyefaidika nayo. Kwenye mji wa Erie, jimbo la Pennsylvania, ambako upana mwingine mbili zilikutana, wananchi mwaka 1853 waling'oa reli na kubomoa madaraja walipoona kampuni zinataka kulinganisha upana, kwa sababu mji ulikula kutokana na mizigo kusimama hapo. Abiria walivuka kipande hicho kwa slei, katikati ya baridi. Nawaelewa watu wa Erie. Mfumo mbovu daima una mtu ambaye kazi yake ni kuuziba.

Kilichovunja mkwamo huko kusini ni ushindani. Mwaka 1881 reli ya Illinois Central ilibadilisha njia yake ya kusini, zaidi ya kilomita 800, kwa siku moja. Mobile and Ohio ikafuata 1885. Wengine wakaona mizigo inawakimbia. Februari 1886 wakuu wao walikutana Atlanta na kupanga tarehe: Mei 31 na Juni 1. Kwa siku hizo mbili, takriban kilomita 18,500 za reli zilibadilishwa kutoka futi 5 hadi futi 4 na inchi 9, upana ambao mabehewa ya kaskazini yangeweza kupita bila shida. Ile nusu inchi iliyobaki ilirekebishwa polepole miaka iliyofuata, wakati wa ukarabati wa kawaida.

Ukisoma tu "siku mbili" utadhani ni muujiza. Kazi yenyewe ilifanyika wiki nyingi kabla. Waliamua kusogeza chuma kimoja tu, inchi tatu kwenda ndani, na kuacha cha pili kilipo. Mafundi walitembea njia nzima wakilainisha kila taruma mahali chuma kingehamia. Wakapigilia mapema misumari ya ndani kwa kipimo kipya, ili siku ikifika chuma kisukumwe tu hadi kiguse msumari ambao tayari uko mahali pake. Misumari ya zamani ikang'olewa mingi, ikabakizwa ya kutosha kubeba treni za mwisho. Kwenye karakana, ekseli zilichongwa mapema ili gurudumu lisukumwe inchi tatu ndani kwa mashine. Mabehewa yalikusanywa kutoka njia za mbali. Alfajiri, vikundi vya watu vilikuwa vimekwisha kupangwa kando ya reli, kila kimoja na kipande chake: ng'oa, sukuma, pigilia, songa mbele.

Waingereza nao walifanya hivyo na mabaki ya reli ya Brunel, Mei 1892. Zaidi ya watu 4,000 walipelekwa magharibi mwa Uingereza, na kati ya Jumamosi na Jumapili upana wa futi 7 ukatoweka. Brunel alikuwa amefariki 1859.

Nilikuwa nimekwisha kuanza kumwandikia mkubwa barua ya kusema ndiyo, inawezekana, Wamarekani waliweza, tutapigilia misumari mapema. Halafu nikagundua kitu ambacho kilinifanya nifute barua. Wamarekani walipunguza. Great Western walipunguza. Taruma la reli pana ni refu, kwa hivyo chuma ukikisogeza ndani bado kinakaa juu ya ubao uleule. Ukitaka kupanua, chuma kinakwenda nje, na taruma la reli ya mita ni fupi. Litakwisha kabla ya milimita 1435 kutulia vizuri. Unabadilisha mataruma yote, halafu madaraja, halafu kingo za stesheni. India ilianza kupanua reli zake za mita hadi milimita 1676 kwa mpango mkubwa wa mwaka 1992, na njia nyingi zilifungwa kwa miezi na zaidi ili zijengwe upya. Hakuna aliyefanya hivyo kwa usiku mmoja.

Ndiyo maana SGR yetu haikutokana na kusogeza vyuma vya mwaka 1896. Hata mataruma yangekubali, zingebaki kona kali na milima ya njia ile ya zamani, na treni nzito ya kasi haizitaki. Ikajengwa njia nyingine kando, ikazinduliwa Mombasa hadi Nairobi Mei 31, 2017 (tarehe ileile ya Wamarekani, bila shaka kwa bahati tu), kisha 2019 ikafika Suswa. Kuna mengi ya kusema kuhusu mkopo na bei, nami nina maoni yangu, lakini kwa suala la upana uamuzi wa kujenga kando ulikuwa na mantiki. Shida ni mahali mbili zinapokutana. Mzigo wa Malaba ukifika bandari ya nchi kavu ya Naivasha huwa umefika Gloucester.

Isipokuwa kwamba safari hii mzigo uko ndani ya kontena. Meli ya Malcom McLean, Ideal X, ilipobeba makontena 58 kutoka Newark hadi Houston Aprili 1956, hakuna aliyekuwa akifikiria upana wa reli. Lakini kontena halijali liko juu ya gurudumu gani. Kreni inalinyanyua kutoka behewa la 1435, inaliweka juu ya behewa la mita, na kipande kifupi cha reli kilichojengwa kutoka Naivasha hadi Longonot kinaliingiza kwenye njia ya zamani. Hakuna mtu anayebeba matofali kwa mikono. Bado kuna foleni na gharama ya kuhamisha, na kreni ikiharibika kila kitu kinasimama, ila kushusha kontena zima ni kazi ya dakika chache. Suluhisho lilitoka kwa watu wa meli.

Turudi kwenye tarakimu zangu. Sita kwenda tisa ni kupanua. Kwa hivyo nimeandika barua nyingine. Hatutageuza chochote Jumamosi usiku. Tumeweka safu mpya ya tarakimu tisa kando ya ile ya zamani, na kwa miezi minne seva itakubali zote mbili, kama chuma cha tatu. Kila rekodi inayoguswa mchana inaandikwa pande zote, na programu ndogo inapita usiku ikijaza zilizobaki, taruma moja baada ya jingine. Mkubwa alinung'unika kuhusu miezi minne. Nilimwonyesha ripoti ya yule mama, akatia sahihi.

Kinachoninyima usingizi sasa ni mabehewa yaliyo mbali, yaani simu za mawakala. Toleo jipya la programu limefika kwa karibu wote. Hadi jana jioni zilibaki 63 zenye toleo la zamani. Nyingi nitazipata kwa kupiga simu. Moja iko njiani kutoka Lokichar, na mwenyewe ameniambia atafika Lodwar Alhamisi, Mungu akipenda, kama mto utakuwa umeshuka.